Mwanya wa Somoe

Wallahi vile, haya ni kweli tupu, na nikiongopa nisionje kahawa tena.

Siku hizi mtoto hazaliwi na umbo lisilo na mwenyewe. Wakaguzi wakishaona kitu kwenye vinasaba vyake tumboni, lazima mtu wa ukoo aliye hai ajitokeze aseme, "Hicho changu." Asipopatikana, wanakifuta.

Binti yangu Siwema ana mimba ya mtoto wa kike, na mtoto amerithi mwanya wa marehemu mke wangu, Somoe, uliomruka Siwema mwenyewe. Mkaguzi, kijana aitwaye Mapunda, akatuambia, "Mwenyewe amekufa. Tunaufuta."

"Kafute meno ya mama yako!" nikafoka. "Mwanya ni wangu. Tazama!" Nikamkenulia.

Siwema akanikanyaga. "Baba, acha."

"Niache nini? Ukoo wetu, tangu babu wa babu, tuna mianya ya kupita panya!"

Mapunda akanichoma kidole, akatia damu mashineni. "Babu, damu yako haina mwanya. Huu umechongwa kwa tupa. Tupa hairithiwi."

Kweli, niliuchonga ujanani ili nimpate Somoe.

Anayedai umbo lisilo lake hunyang'anywa analoonyesha. Wakaniziba kwa saruji ya meno palepale, huku natukana. Wa mjukuu wakaufuta siku hiyohiyo.

Tulipofika nyumbani Siwema akasema, "Baba, cheka nikuone."

Nikakenua. Akanitazama mdomoni, akashika tumbo lake.

"Haya," akasema. "Sasa mmefanana."