Swali Wakati wa Mvua ya Mawe

"Mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya watu?" niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la sita.

"Haiwezekani, mwalimu," mmoja alijibu, na wenzake wakacheka.

Mara mvua ya mawe ikaja kutoka mashamba ya chai, ikapiga mabati. Nikapaza sauti lakini hakuna aliyenisikia. Basi nikaandika swali ubaoni, nikawanyooshea chaki.

Sellah, msichana kiziwi aliyeketi peke yake dirishani, akainuka. Tangu Januari sikuwa nimemwandikia swali hata moja. Akaipokea chaki, akaikandamiza ubaoni mpaka ikavunjika, akaandika kwa kipande kilichobaki: "Ndiyo. Hapa."

Mvua ikakatika. Sellah, akiwa ametugeuzia mgongo, akaendelea kuandika.