Upepo wa Kumtosha Mama Mkwe

Gunia la mchanga lilikuwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, kikombe cha chai kimesimama juu yake. Mkaguzi wa mizani alivuka tuta la tatu taratibu, akasimamisha gari, akageuka. Chai ilikuwa imemwagika nusu kijiko. Akaandika kwenye daftari: "Upepo thelathini na nane. Bado."

Aliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa dirishani.

"Mkwe, huyo uliyembeba nyuma ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Kilo sabini na nne."

"Nani kakwambia uzito wangu?"

"Macho tu, Mama."

Kazini aliyakadiria magunia kwa macho kabla ya kuyapandisha kwenye mizani, na hakuwahi kukosea kwa zaidi ya kilo moja.

Mama mkwe akafunga dirisha kwa kishindo. Kisha akalifungua tena. "Sabini na tatu," akasema, akalifunga.

Chanzo cha yote kilikuwa rimu mpya. Mwezi uliopita mkaguzi aliyavua magurudumu ya kiwandani ya inchi kumi na nne, akaweka ya kumi na saba, yanayong'aa kama sufuria isiyowahi kuona moto, na matairi yenye ubavu mwembamba kama utepe. Fundi akayajaza upepo mpaka geji ya kupimia ikasoma hamsini. "Rimu kubwa hula upepo mwingi, bosi," alisema, kwa uhakika wa mtu asiyewahi kupima.

Siku hiyohiyo mama mkwe alipanda. Kwenye tuta la kwanza alinyamaza. La pili akamtaja Mungu. La tatu akashuka, akarudi kwa miguu huku ameshika kiuno, akiapa kwamba hatalipanda tena gari lile hata mafuriko yakimfika shingoni.

Na Jumapili alikuwa na safari ya kilomita hamsini na mbili. Basi hapandi, pikipiki hataki hata kuisikia. Magurudumu ya zamani fundi alikuwa ameshayauza. Mkaguzi akatoa ahadi mbele ya mkewe: mama akitamka neno "mgongo" hata mara moja njiani, wanageuza palepale.

Karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa gari ilisema thelathini na mbili. Lakini iliandikwa kwa ajili ya magurudumu ambayo hayapo tena. Kuifuata ni sawa na kumshonea mtu koti kwa vipimo vya kaka yake. Mkaguzi akaanza upya. Alipima alfajiri, kabla tairi halijapata joto la kuidanganya geji. Alichora mistari ya chaki kwenye matairi, akaendesha, akaikagua: ikifutika katikati, upepo umezidi; ikifutika pembeni, umepungua. Kwenye ishirini na nane rimu iligonga shimo kwa mlio aliousikia kwenye jino.

"Hilo gunia limekunywa vikombe kumi na moja wiki hii," mkewe alimwambia siku ya Alhamisi. "Mimi mkeo hujanipikia hata kimoja. Tangu lini umempenda mama yangu hivi?"

"Tangu alipokuja Januari," akajibu, macho kwenye geji.

Mke akafuta chozi kwa ncha ya khanga, akawapigia simu dada zake wawili kuwasimulia habari za mkwe wa mfano. Jioni ile waume wawili walisemwa bila kujua kosa lao.

Ijumaa, kwenye thelathini na tano mbele na thelathini na tatu nyuma, chaki ilifutika sawasawa na chai haikumwagika hata tone. Mkaguzi hakushangilia. Alirudia jaribio mara tatu, ndipo akatabasamu.

Jumapili gunia lilishuka, mama mkwe akapanda. Kwenye buti mliwekwa sanduku lake, geji, na pampu ya mguu, maana mtu makini hasafiri bila pampu.

Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya.

"Mkwe."

Mguu wake ukagusa breki. "Naam, Mama."

"Hilo tuta la tatu tunalifikia lini?"

"Tumeshalivuka, Mama."

Baada ya hapo alikoroma, hata kwenye kilomita nne za mwisho za changarawe. Aliamka mbele ya geti la kijani, akatoa ufunguo kwenye mkoba, akafungua kufuli lililoanza kushika kutu. Uani nyasi zilimfika magotini. Mkaguzi alilifikisha sanduku mlangoni kwa mwendo wa mtu anayeokoa vitu kwenye nyumba inayoungua.

Mama mkwe akaitazama nyumba yake. Akalitazama gari. Akaitazama nyumba tena.

"Yaani sijasikia kitu," akasema. "Nilidhani nikifika huku nimefika, siwezi tena kutoka. Kumbe! Sasa humu nikae peke yangu nafanya nini? Lirudishe sanduku garini, mwanangu. Ngoja nikachukue masweta yangu na redio, turudi wote."

Mkaguzi aliyatazama matairi, kama anayesoma kipimo kilichoandikwa kwa maandishi madogo.

"Sawa, Mama. Usiharakishe."

"Na ahadi yetu ni ileile?"

"Ileile. Ukisema mgongo, tunageuza palepale."

Nusu saa baadaye, mama mkwe alipotoka na redio kwapani, mkwe wa mfano alikuwa kando ya tairi la nne, shati limelowa jasho, mguu mmoja juu ya pampu. Geji ilisoma hamsini, na bado alikuwa anakanyaga.