Hodi ya Faraji

Tangu sheria ipige marufuku kuigiza sinema za kutisha, kumbi zilionyesha picha za kweli tu, zilizookotwa kwenye kamera za watu waliopotea. Mzazi wa marehemu alitengewa kiti cha mbele.

Bi Kibibi alikikalia, mkoba mapajani. Kwenye skrini mwanawe Faraji alikuwa akihema ndani ya pango, tochi ikififia. Akafika penye upenyo mweusi, akasimama, akagonga mwamba.

"Hodi," alisema. "Hodi jamani."

Ukumbi mzima ukapiga mayowe. Bi Kibibi hakuona cha kutisha. Ndivyo alivyomlea: hata jikoni kwao Faraji hakuingia bila hodi, na asipoitikiwa mara tatu aligeuka akaenda zake.

Ikaja hodi ya tatu, ya kilio.

Bi Kibibi akainuka. "Karibu, baba. Pita ndani."

Watu wakakimbilia milangoni.

Meneja akamjia, macho yakimng'aa. "Shikamoo, mama. Hawajawahi kuogopa hivi! Kesho utarudi uitikie tena?"

"Marahaba." Alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nitarudi. Kesho si atapiga hodi tena? Nani mwingine wa kumkaribisha?"