Kipenzi wa Chumba cha Mwisho

Mkasi ulianguka sakafuni kwa kishindo, na Mama Mkasi hakujua umemtoka mkononi saa ngapi. Yeye, ambaye jina lenyewe kalipata kwa mkasi!

"Umelewa?" tajiri alifoka kutoka mlangoni.

"Mkono umekufa ganzi, bosi. Nilishakueleza. Niweke kwenye kupanga vitambaa japo wiki mbili, nao upumzike."

"Mkono wa kukata kitambaa unachoka, wa kula mbona hauchoki?"

Wenzake wote wakainamia vyerehani vyao. Mama Mkasi akaimeza hasira, akauokota mkasi kwa mkono wa kushoto.

Wala hakuwa anadeka. Alfajiri ganzi ndiyo iliyomwamsha, dole gumba na viwili vinavyofuata vinawaka kama vimesuguliwa pilipili, akaukung'uta mkono kama mtu anayefukuza nyuki. Vifungo vya gauni alifungwa na binti yake mdogo.

"Mama, mkono wako umelala tena?" mtoto aliuliza, huku akikosea tundu.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia akunje viganja vyote viwili kwenye vifundo vya mikono na kuvishikilia hivyo hivyo. Dakika haikuisha, sindano zikaanza kumtambaa vidoleni.

"Mshipa wa fahamu unabanwa hapa kifundoni," muuguzi alisema. "Kazi ile ile, mkunjo ule ule, kutwa nzima. Funga hili gango, mkono unyooke. Na kazi ubadilishe. Ukichelewa, nyama ya hapa chini ya dole gumba itanywea, na ikishanywea, mama, hairudi. Hata kijiko utashikiwa."

Gango lenyewe alilivaa siku moja tu. Tajiri alilifungua kwa mkono wake, akalitupa kwenye pipa la mabaki. "Hapa si wodi," alisema.

Haya yote angeyavumilia. Kilichomchoma zaidi ni Kipenzi.

Tangu kiwanda kihamie jengo hili, akina mama waliokuwa wakishona vifungo waliachishwa wote, na chumba cha mwisho kikatiwa pazia zito na kufuli. Tajiri mwenyewe ndiye aliyepeleka mashati huko, na mwenyewe ndiye aliyeyatoa, kila kifungo mahali pake. "Ona kazi ya Kipenzi," angesema, na ule uso wa jiwe unalainika. Feni ya pekee jengo zima ilikuwa kwa Kipenzi. Mwenyewe hakuna aliyewahi kumtia machoni, na kwa kelele za vyerehani, hata angeimba humo ndani wasingemsikia.

"Mtu mmoja awashinde wale wote?" alisema mshona kola, waliyemwita Kasuku. "Ana mikono mingapi, ni tandu?"

"Dada, hiyo ni nyumba ndogo," mwingine akadakia. "Anaingia kabla yetu, anatoka tukishaondoka. Wewe endelea kukodoa macho."

Wakacheka. Mama Mkasi hakucheka.

Mchana wa siku hiyo mkasi ulipoanguka, tajiri alipita kati yao mbio, jasho linamtiririka, nyuma yake mzee mmoja mwenye mkoba. "Wahi, mzee wangu, wahi! Kipenzi hajiwezi!"

Mama Mkasi akaondoka kwenye meza yake bila kuomba ruhusa, akawafuata mpaka mwisho wa ujia. Mlango ulikuwa wazi, kufuli limening'inia. Akasimama nyuma ya pazia.

"Tangu asubuhi analia kwenye maungio," tajiri alikuwa anasema, sauti ya mtu aliyefiwa.

"Si umemfanyisha kazi bila kumpumzisha!" mzee akamkaripia. "Kazi moja, mwendo mmoja, kutwa kucha. Hata chuma huchoka."

"Kosa langu, mzee wangu. Sasa afanyweje?"

"Maungio nayapaka mafuta sasa hivi. Mfunike, asipigwe na vumbi. Na asiguswe mpaka Jumatatu."

"Hata mwezi mzima! Bora apone. Nikimpoteza huyu, nitampata wapi mwingine?"

Mama Mkasi aliegemea ukuta. Kumbe anajua! Anajua maungio huuma, anajua kazi ya mwendo mmoja huvunja mtu, anajua hata kusema kosa langu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo umemwangukia begani mwake, ameuonja uzito.

Akamwonea huruma huyo Kipenzi, aliyemtukana moyoni siku zote hizo. Maskini, kumbe ni mwenzake wa maumivu. Kisha hasira ikarudi, safari hii ikiwa na miguu ya kusimamia. Kama yule anapewa mpaka Jumatatu, na yeye atapewa. Na kama atanyimwa, basi anyimwe mbele ya mgonjwa mwenyewe, asikie.

Akalisukuma pazia bila kubisha hodi.

Kwanza alipigwa na upepo wa feni. Kisha akaona blanketi jipya la waridi, tajiri analitandaza taratibu juu ya meza, kama anayemfunika mtoto mchanga. Chini ya pindo lake kilichungulia cherehani cha umeme cha kutia vifungo, waya umechomolewa ukutani. Mzee alikuwa anafuta bisibisi yake. Hamkuwa na mtu mwingine.

"Bosi," Mama Mkasi alisema, akiuinua mkono. "Nimekuja kwa ajili ya huu mkono wangu."

"Ndio huo huo ninaoutaka!" tajiri akajibu, akiliweka sawa blanketi. Akamsukumia bakuli la vifungo, na juu yake sindano. "Mpaka Kipenzi apone, mashati yote utayatia vifungo wewe. Kwa mkono."