Goti la Kumvalisha Mtendaji

Kwetu sheria ni moja: askari wa zamani akija kuomba matibabu ya jeraha lake, mtendaji wa kata hawezi kumnyima kabla hajavaa mkanda wa kupitisha maumivu na kuyasikia ya askari huyo mwilini mwake mwenyewe.

Kwa hiyo mimi siendi kubembeleza. Naenda kumvalisha mtu goti langu.

Siku ya kupimwa simezi dawa. Mke wangu Nyamizi hulikanda goti kwa maji ya baridi tangu alfajiri, mpaka risasi iliyobaki humo tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe iamke.

"Nisamehe, baba Tungaraza."

"Kanda, mama. Mwaka jana mtendaji alilia kama mtoto, akagonga muhuri hata sijakaa."

Leo tumemkuta mtendaji mpya, kijana mpole. Wanasema wilaya ilimchagua baada ya vipimo vingi vya daktari.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye ukae vizuri."

Nyamizi akacheka. Kijana akajifunga mkanda kiunoni, nami nikafunga mwenzake gotini, nikawasha. Maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Nikang'ata kofia yangu, huku nikimwonea huruma.

Yeye akajimiminia chai, akakoroga sukari, akanywa taratibu.

"Haya mzee, mimi niko tayari," akasema kwa upole. "Ukitaka tuanze, washa."

Nikatazama kiunoni mwake. Taa ya mkanda ilikuwa imeshawaka kitambo.