Kahawa ya Chumvi na Shela Nyekundu

Vikombe vilikuwa viwili tena. Rüstem alivikuta juu ya ukuta mfupi nyuma ya jiko, machicha ya kahawa bado yana uvuguvugu.

"Nani alikuwa akinywa kahawa hapa?"

Mama yake, Bi Makbule, mjane na mpishi mkuu wa ukumbi, alikuwa akiziba midomo ya vyungu vya nyama kwa unga uliokandwa. Hakuinua kichwa.

"Watu wenye kiu, mwanangu."

Mwezi mzima mambo yalikuwa hivyo. Mara vikombe, mara harufu ya marashi ya waridi kwenye ngazi, mara kitambaa kipya cha kichwa kwenye kamba, kimeshonwa maua madogo pembeni, na kila aliyeulizwa anasema si chake. Rüstem hakuzaliwa jana. Binti yake Nilgün alikuwa na miaka ishirini na minne, na Tuncay mpiga ngoma alikuwa na mabega mapana na macho ya kuzurura.

Kila jioni mabasi yaliteremsha wasafiri mbele ya ukumbi wake uliochongwa ndani ya mwamba. Walikula, wakasikiliza muziki, wakamtazama Nilgün akicheza na vijiko vya mbao hadi wakasahau kutafuna. Akiolewa akaondoka, nani atacheza?

Basi palepale akawaita wote, wapishi na wapiga muziki.

"Hakuna mwanamke wa nyumba hii atakayeolewa na mpiga muziki. Aliyesikia amwambie aliye msalani."

Tuncay aliitazama ngoma yake. Mzee Hıdır, mpiga zumari aliyefiwa na mkewe zamani, akakohoa kidogo.

"Na mwanamke akipendwa," akauliza Bi Makbule, "wewe unapungukiwa nini?"

"Mama, haya hayakuhusu."

"Haya," akasema mama, akarudi kwenye vyungu vyake.

Jioni walikuja wageni mia na zaidi, Waholanzi wengi na Wajapani. Supu ya dengu ikapita. Vyungu vikavunjwa kwa nyundo mbele yao, mvuke ukapanda, watu wakapiga makofi. Nilgün alicheza ngoma zake mbili, akaenda kubadili nguo. Rüstem alipita kati ya meza akaonja wali. Ulikuwa umeungua chini.

"Nani yuko jikoni leo?" akamnong'oneza mhudumu.

"Jikoni hapakosi mtu, bosi," akajibu yule, akakazana kukusanya sahani.

Kisha ikafika zamu ya posa, mchezo ambao wageni waliupenda kuliko yote. Rüstem hukaa kwenye mto kama baba wa msichana, na mgeni mmoja mwanamume huvutwa katikati awe mposaji. Bibi harusi humletea kahawa iliyojaa chumvi. Akiinywa bila kukunja uso, anafaa. Kusema kweli, msichana anayeposwa hafunikwi uso. Shela ni ya usiku wa hina. Lakini wageni hupenda kupiga picha kitu chekundu, kwa hiyo Rüstem alikuwa ameyachanganya, posa na hina, akawa kila jioni anamfunika bintiye shela nzito hadi kiunoni. Majirani walimcheka, yeye akawaambia waende wakafungue kumbi zao.

Kabla hajachagua mgeni, ngoma ikalia. Tuncay akaingia katikati, na moyo wa Rüstem ukaruka.

Kumbe Tuncay alikuwa anafungua njia tu. Nyuma yake alikuja Mzee Hıdır, koti jeusi limepigwa pasi, nywele zimepakwa mafuta, akapiga magoti kwenye nafasi ya mposaji. Wageni wakaangua kicheko. Rüstem akashusha pumzi. Afadhali babu huyu mara mia.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya mchezo, "meno ya kutafunia keki ya harusi unayo?"

"Nitailoweka kwenye chai."

Bibi harusi akaja na sinia. Alitembea polepole, na kahawa haikumwagika hata tone. Leo Nilgün amejifunza kuona haya, Rüstem akawaza, akafurahi.

Mzee Hıdır alikunywa yote, hadi chumvi iliyoganda chini. Uso wake haukutikisika. Akajifuta masharubu.

"Chumvi mmeibania," akasema.

Mkalimani wao alipoyafikisha maneno hayo, meza za Waholanzi zilitetemeka kwa kicheko. Mzee akainuka, mkono kifuani, na sauti yake ikapungua.

"Kwa amri ya Mungu na kwa kauli ya Mtume, namposa huyu aliyeniletea kahawa hii."

Rüstem akastaajabu, miaka yote hii hakujua kwamba mzee huyu anajua kuigiza hivi. Akamtupia Tuncay jicho, kisha yeye mwenyewe akainuka, ili kijana asikie vizuri.

"Mbele yenu nyote, nimempa," akasema, sauti inafika barabarani. "Sikulazimishwa na mtu, na neno langu silirudishi. Mpiga muziki na amchukue."

Akaletewa pete mbili zilizofungwa kwa utepe mwekundu. Zilikuwa nzito kuliko zile za kila siku, lakini alikuwa na furaha, pete zikavishwa, akaukata utepe kwa mkasi.

Makofi ya kwanza yalitoka mlangoni mwa jiko. Rüstem aligeuka akamwona Nilgün pale, aproni imejaa unga, anacheka na kufuta machozi.

Shela ikainuliwa.

"Rüstem, mwanangu," akasema Bi Makbule, "mbusu baba yako mkono."