Radhi ya Mai Resham

"Paza sauti, mwanangu," alisema Mai Resham. "Masikio yangu yamezeeka kunishinda mimi mwenyewe."

Jenerali mstaafu Tajammul Janjua akapaza sauti. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, uani kwa bibi kizee huyo, akisimulia kisa kilekile alichokisimulia hapo kila mwaka kwa miaka thelathini na miwili. Jinsi askari Dilpazir, mtoto wa pekee wa Mai Resham, alivyobaki na bunduki ya rashasha katika kituo cha mlimani. Jinsi alivyowazuia maadui tangu alfajiri hadi adhuhuri, mpaka kombora lilipomwangukia.

Kisa hicho alikihifadhi kwa moyo, kwani ndicho kilichompandisha cheo. Alikiandika yeye mwenyewe alipokuwa kapteni, na wakubwa walipokisoma walisema kapteni mwenye askari wa namna ile hafai kusahauliwa. Akawa meja, akawa kanali, akaishia jenerali. Huku kijijini kaburi la Dilpazir likawekewa bendera, shule ikapewa jina lake, na kila siku ya mashahidi wanajeshi wakaja kulipigia saluti.

Kasoro ilikuwa moja tu: kisa chote kilikuwa uongo.

Asubuhi ile kapteni aliikuta bunduki imelazwa juu ya jiwe, mwenyewe hayupo, nyayo zikiteremka bondeni kwenye theluji. Kuripoti kwamba askari wake ametoroka kungemharibia kazi. Basi akamtungia ushujaa. Jeneza alilileta hapa yeye mwenyewe, limepigiliwa misumari, akaagiza lisifunguliwe kwa sababu ya hali ya maiti. Ndani mlikuwa na mawe. Bonde lile halikuwahi kumrudisha mtu akiwa hai, kwa hiyo upande huo hakuwa na wasiwasi.

Sasa alikuwa nao. Alhamisi ndege yake ilikuwa inaondoka kwenda Hija, na mtu haendi kuhiji kabla ya kutaka radhi kwa aliowakosea. Alishazunguka kwa ndugu, kwa majirani, hata kwa mpishi aliyepigwa naye kofi kwa ajili ya yai. Amebaki huyu mmoja. Na daktari wa moyo alishamwonya asiweke mipango ya mwaka kesho. Akisema kweli, atampokonya bibi mtoto wake mara ya pili. Akinyamaza, ataizunguka Kaaba na mawe yale kifuani. Alitafuta njia ya tatu tangu mjini Rawalpindi hadi hapa, hakuiona.

Dereva wake, Naubahar, aliingia na zawadi: shali nzito ya sufu, ya kiume, saizi kubwa, kama bibi alivyoagiza kila mwaka.

"Mai, utapotea humu ndani," Naubahar alimtania. "Tutakutafuta kwa tochi!"

"Baridi ya huku ingekujia wewe, mdomo huo ungejifunga," bibi alimjibu, akaikunja shali vizuri.

Aliwaletea mkate wa mahindi, mboga ya haradali na siagi. Mikate mingine mitatu aliifunika kwa kitambaa, akaiweka kando karibu na mlango wa ndani. Mlango ulikuwa umefungwa, kama siku zote. Mwanamume wa nje haingii nyumba ya mwanamke anayeishi peke yake, na Jenerali hakuwahi kuutazama mara mbili.

"Hiyo ya nani, mama?"

"Ya baadaye. Kula, mwanangu, itapoa."

Jenerali hakula. Akamwambia Naubahar akasubiri garini. Kisha akainama, akasema kwa sauti ndogo sana, majirani wasisikie:

"Mama, nimekuja kutaka radhi. Nilikudanganya. Dilpazir hakupigana. Aliacha bunduki akakimbia. Kaburini mna mawe matupu."

Alingoja kilio. Mai Resham hakumwambia apaze sauti, wala hakulia. Hata pale kaburini hakuwahi kutoa chozi, na Jenerali alimsifu kwa ujasiri huo katika hotuba tatu.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa," bibi alisema. "Ungeandika ukweli, wangemfanya nini?"

"Mahakama ya jeshi. Kifungo."

"Miaka mingapi?"

"Kumi. Pengine kumi na miwili."

"Angekuwa ameshatoka zamani."

Machozi yalimtoka Jenerali, naye hakuyafuta. Akavua kofia yake ya ngozi ya kondoo, ile aliyovaa siku ya kustaafu, akaiweka miguuni kwa bibi, kama afanyavyo mtu asiyebakiwa na cha kujitetea.

"Nisamehe, mama. Nitakwendaje mbele ya Mungu na jambo hili?"

Mai Resham aliiokota kofia, akaipangusa vumbi, akamrudishia mikononi.

"Mimi hujanikosea kitu, mwanangu. Jeneza lako lilifika Ijumaa. Yeye alifika Jumatano."

Kisha akageukia mlango wa ndani, akapaza sauti: "Dilpazir! Leo ameisema kweli. Toka, radhi anayoitaka ni yako."

Komeo likavutwa kwa ndani.